Podo la Kufunga Kwenye Upinde: Namna ya Kulichagua Lisikuaibishe Porini

Mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, yamelala mapodo matatu, yaani vibebeo vya mishale, ambayo hayana kazi. Yote ni mapya. Yamenunuliwa Marekani kwa dola, yamesafiri wiki kadhaa, yamefungwa kwenye pinde, na kabla wiki haijaisha wenyewe wameniletea: "Fundi, hebu litazame hili." La kwanza linaachia mishale. La pili kofia yake ni fupi, vigumba (ncha za chuma za mishale) vinachungulia nje. La tatu lenyewe halina kasoro, ila mwenyewe alilifunga kwa skrubu isiyo yake na tundu la upinde likaliwa.

Kazi yangu hasa ni kushona viti vya pikipiki na mahema. Pinde zilinifuata zenyewe, kwa sababu vijana wanaofanya kazi kwenye kambi za uwindaji huachiwa upinde na wageni, wakirudi mjini wanatafuta mtu mwenye sponji, gundi na subira. Nami nikanunua wangu, sasa ni mwaka wa sita nalenga shabaha na wenzangu kila Jumapili shambani Pongwe. Nimeulizwa habari za podo mara nyingi mno, na kosa ni lile lile: mtu anachagua kwa picha. Anatazama rangi, anatazama linavyofanana na upinde wake, analipa. Podo halinunuliwi kwa upinde. Linunue kwa mshale, kisha ndiyo ulipatanishe na upinde.

Podo ninalolizungumzia ni lile linalokaa ubavuni mwa upinde wenyewe, si la kiunoni wala la mgongoni. Lina sehemu tatu: kofia ya juu inayofunika vigumba, meno ya mpira yanayobana mti wa mshale (wazee huuita wano), na mkono unaoliunganisha na upinde. Faida yake ni kwamba mishale na upinde ni mzigo mmoja. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanashika mishale kwa mkono ule ule wa upinde, na ukikaa ukifikiri, podo la kisasa ni wazo hilo hilo likiongezewa skrubu.

Kabla ya yote: karatasi

Tanzania huwindi bila leseni. Sheria ni ile ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na wa kumuuliza ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Uliza waziwazi kama kibali chako kinaruhusu upinde, na jibu ulipate kwa maandishi. Silaha yenye sumu ni kosa. Ndani ya Hifadhi za Taifa, na sisi wa Tanga tumepakana na Saadani na Mkomazi, hakuna kuwinda kabisa. Msomaji wa Kenya, kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo soma mwongozo huu kwa ajili ya shabaha tu.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Usifungue simu kutafuta podo kabla hujakusanya hivi:

- Upinde wako, pamoja na kilengeo na kiegemeo cha mshale vikiwa vimefungwa mahali pake.
- Mshale mmoja uliokamilika, wenye manyoya na kigumba utakachotumia kweli.
- Futi ya fundi cherehani, na kalipa (kifaa cha kupimia unene) kama unaweza kuazima. Mafundi wa kereza wanazo.
- Uzi mwembamba wa cherehani, wa kutumia kalipa ikikosekana.
- Funguo za L za pembe sita, seti ya inchi. Seti ya milimita peke yake haitoshi, na sababu utaiona hatua ya 5.
- Mizani ya jikoni.
- Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.
- Karatasi na kalamu. Ukiweka vipimo kichwani utavisahau dukani.

Onyo moja la jumla: kigumba cha kuwindia ni wembe. Kifunge na kukifungua kwa kifaa chake maalumu, vidole vikae mbali. Kwenye kipimo chochote kisichohitaji kigumba, tumia ncha ya mazoezi.

Hatua ya 1: Pima unene wa mshale kwa nje

Hapa ndipo wengi wanaangukia. Mishale ya kaboni huandikwa namba kama 6.5, 5 au 4. Mtu anasoma "5", anaandika kwamba mshale wake una unene wa milimita 5, anaagiza podo la mishale myembamba. Namba ile ni upana wa tundu la ndani. Kwa nje, mshale wa 6.5 huwa karibu milimita 7.5, wa 5 huwa karibu milimita 7, na wa 4 huwa chini kidogo ya milimita 6. Meno ya podo hayajui habari za tundu la ndani. Yanabana ngozi ya nje.

Mishale ya aluminiamu ina hesabu yake. Ikiandikwa 2117, tarakimu mbili za mwanzo zinakwambia unene wa nje ni 21/64 ya inchi, yaani milimita 8.3 hivi. Mbili za mwisho ni unene wa ukuta wa bomba, na hizo hazikuhusu leo.

Ukiwa na kalipa, pima katikati ya mti, mbali na manyoya na mbali na kigumba. Ukiwa na uzi, uzungushe mara kumi, mizunguko ikae sambamba bila kupandana. Weka alama ulipoanzia na ulipoishia, ufungue, uunyooshe kwenye futi. Gawa kwa kumi, kisha gawa kwa 3.14. Wangu ulitoka sentimita 22, yaani milimita 220. Gawa kwa kumi unapata 22, gawa kwa 3.14 unapata 7. Uzi unaongeza unene kidogo, kwa hiyo jibu lako litazidi ukweli kwa nywele moja hivi. Si neno.

Umefaulu ukiwa na namba moja kwenye karatasi, na ukirudia kupima inatoka ile ile.

Hatua ya 2: Pima urefu ambao meno yanaweza kubana

Laza mshale mezani. Pima kutoka ncha ya kigumba hadi pale manyoya yanapoanzia. Huo ndio uwanja wako. Meno ya chini ya podo lazima yaangukie ndani ya uwanja huo huku kigumba kikiwa kimezama kwenye kofia mpaka mwisho. Yakiangukia kwenye manyoya, kila unapochomoa mshale unayakunja, na nyoya lililokunjika linaupeleka mshale litakako lenyewe.

Wangu una sentimita 62. Podo nililonalo, kutoka dari ya kofia hadi meno, ni sentimita 45, kwa hiyo inabaki nafasi ya kutosha. Mwenye mkono mfupi anayetumia mishale mifupi ndiye awe macho zaidi. Wapo wanawake wawili kwenye kundi letu la Pongwe, na wote wawili walipata podo linalofaa kwa kutafuta lile ambalo umbali wa kofia na meno unarekebishwa kwa kusogeza.

Kisha pima upande wa pili, kutoka meno yatakapokaa hadi kitako cha mshale, kile chenye mpasuko unaouma upote, kamba ya upinde. Sehemu hii ndiyo itakayoning'inia chini. Usimamishe upinde wako wima mezani na ushikilie mshale ubavuni mwake pale ambapo podo litakaa. Kitako kisipite chini ya kapi la chini, lile gurudumu la ncha ya upinde. Kikipita, siku utakapoupumzisha upinde ardhini utakuwa umeusimamisha juu ya mishale.

Hatua ya 3: Chagua kofia

Kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, maana hapa ndipo damu inapotoka.

Nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Podo langu la kwanza lilikuwa na kofia ya wazi pembeni, nzuri, nyepesi, ya kupendeza. Nilikuwa nashuka kwenye bodaboda pale Pongwe, upinde begani, nikautelezesha ushuke, na kidole kikapita kwenye lile dirisha la pembeni. Kigumba hakikunipiga. Kilikuwa kimekaa tu kimya mahali pake. Nilishonwa nyuzi nne.

Tangu siku ile kipimo changu cha kofia ni kimoja: vigumba vyote vikiwa ndani, pitisha kalamu kila upande, juu, chini na pembeni. Kalamu ikigusa chuma popote, kofia hiyo si kofia. Kwa picha ya mtandaoni huwezi kupitisha kalamu, kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya kofia kwa ubavu na kwa chini.

Halafu tazama upana. Vigumba vya makali yasiyokunjika huwa na upana wa milimita 27 hadi 32 hivi. Vikikaa jirani vikigusana, vinatafunana makali njia nzima, na vinalia. Chora duara za upana wa kigumba chako kwenye karatasi kwa mpangilio wa matundu ya kofia, uone kama zinapandana. Podo lililoandikwa la mishale sita kwa vigumba vipana mara nyingi ni la mishale minne tu, labda uviweke kwa kupokezana, kimoja juu kimoja chini.

Ndani ya kofia kuna kitu kinachoshika kigumba, na kuna aina mbili kubwa.

*Sponji.* Hii imezoeleka na ni nyepesi. Inafaa vigumba vya makali yasiyokunjika, lakini kila unapochomeka unaikata. Baada ya msimu mmoja au miwili inakuwa kama mkate wa kumimina wa jana, ukiugusa unaacha chembe. Joto la Tanga na hewa ya chumvi vinaiharakisha. Nimefungua kofia moja ya kijana wa kambini, nikaigonga mezani, ukamwagika unga mweusi wa kujaza kiganja, na katikati yake kipande cha wembe kilichovunjika ambacho hakuna aliyejua kimo mle tangu lini. Ukichagua sponji, hakikisha inatoka na kubadilishwa. Iliyogandishwa kwa gundi ya kiwandani itakuleta kwangu, na mimi nitakutoza.

*Mpira wenye vikombe au mianya.* Huu unadumu zaidi na unafaa vigumba vya makali yanayokunjuka. Vigumba vya aina hiyo vikisukumwa kwenye sponji, mbawa zinaweza kukunjuka humo humo ndani, na ukichomoa mshale unatoka na mwavuli uliofunguka. Ukitumia vigumba vya kukunjuka, usibishane, chukua mpira.

Sumaku nayo imeanza kutumika kwenye baadhi ya kofia. Kwa hewa yetu ya bahari, chembe za chuma chenye kutu zinaishia kujikusanya mle. Siipendi.

Umefaulu pale kofia inapofunika makali yote kabisa, vigumba havigusani, na kinachovishika kinaweza kubadilishwa bila kuvunja kitu.

Hatua ya 4: Meno na idadi ya mishale

Sasa ile namba ya hatua ya 1 inafanya kazi. Tafuta kwenye maelezo ya podo unene wa mishale linaoshika. Usipouona umeandikwa, uliza. Wasipokujibu, pita.

Meno makubwa kwa mshale mwembamba: mshale humo ndani ni waja leo waondoka leo. Unaona umebanwa, unatembea kilomita mbili kwenye vichaka, unageuka kutazama, umebaki na mitatu. Meno madogo kwa mshale mnene nayo ni balaa kwa namna nyingine. Kuchomoa kunahitaji kuvuta kwa nguvu, mpira unatoa mlio kama kiatu kipya msikitini, na mnyama aliye hatua ishirini hasubiri umalize.

Yapo mapodo yenye meno mawili, ya juu na ya chini. Yanashika vizuri zaidi na mishale haitikisiki, ila kuchomoa kunachukua muda kidogo. Kwa mtu anayetembea sana, mimi napendekeza haya.

Idadi ni mingapi? Mitano inatosha, minne inatosha. Mshale mmoja wa kuwindia una uzito wa gramu 26 hadi 32 hivi, na podo tupu huwa gramu 200 hadi 450. Weka kwenye mizani ya jikoni ujionee: podo la wastani na mishale mitano linakaribia nusu kilo, na uzito huo unaning'inia upande mmoja wa upinde. Anayekuuzia podo la mishale minane anakuuzia mzigo.

Likishafika, lijaze mishale yenye ncha za mazoezi, ligeuze juu chini, litikise kama unakung'uta mkeka. Rudia mara kumi. Mshale ukisogea hata upana wa kidole, meno hayo si yako. Kisha chomoa mshale mmoja kwa mkono mmoja, macho yakiwa mbele. Utoke kwa kuvuta pembeni bila kelele na bila upinde kuyumba.

Hatua ya 5: Mkono na skrubu

Pinde nyingi za kapi, zile zenye magurudumu kwenye ncha, zina matundu mawili ya skrubu ubavuni juu ya mshiko. Hapo ndipo kilengeo kinapofungwa, na podo nalo mara nyingi hufungwa hapo hapo, ama chini ya kilengeo ama kwenye matundu ya kilengeo chenyewe. Tazama kilengeo chako kama kina matundu ya ziada. Kisipokuwa nayo, utahitaji kipande cha kuunganisha, kiagize pamoja na podo.

Sasa, yule mwenye podo la tatu mezani kwangu. Skrubu ilimpotea, akaenda duka la vifaa, akapewa ya M5. Kwa macho ni pacha. Lakini matundu ya kilengeo kwenye pinde hizi ni ya kipimo cha Kimarekani kiitwacho 10-24. Unene wake ni milimita 4.83, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.06. Ya M5 ina unene wa milimita 5 na jino hadi jino ni 0.8. Inauma mwanzoni, kisha inakaza. Wewe unadhani ni kutu, unaongeza nguvu. Skrubu ni chuma, mwili wa upinde ni aluminiamu, na kati ya hao wawili unajua nani ataliwa. Tundu likishaharibika hivyo, kulitengeneza ni kutoboa upya na kuweka kikombe cha nyuzi, kazi ya fundi mashine mwenye mkono mtulivu.

Kwa hiyo: skrubu ya asili ikipotea, agiza ya 10-24. Ufunguo wake wa L huwa wa 5/32 ya inchi. Wa milimita 4 unakaribiana nao sana, tena unazidi kidogo, ndiyo maana unakataa kuingia mpaka uugonge. Usiugonge.

Urefu nao una maana. Mkono wa podo unaongeza unene kati ya kilengeo na upinde, hivyo skrubu ya zamani huenda ikawa fupi. Iingie angalau mizunguko mitano au sita kwenye tundu, na isitokeze upande wa pili. Anza kwa vidole mpaka ikae, kisha maliza kwa ufunguo ukiushika upande mfupi. Tone dogo la gundi ya skrubu ya bluu linasaidia isilegee kwa mtikisiko, na linazuia chumvi kuingia kati ya chuma na aluminiamu. Gundi nyekundu usiiguse, hiyo haifunguki bila moto.

Wenye upinde wa mbao au ule usio na matundu, podo lenu ni la kufunga kwa mikanda ya mpira kwenye mikono ya upinde. Lifungeni karibu na mshiko kadiri inavyowezekana, ili mikono ibaki huru kupinda. Mikanda hiyo hupasuka kwa jua. Mpira wa baiskeli unaweza kuishikia nafasi kwa siku mbili tatu, si zaidi.

Wa mkono wa kushoto, hakikisheni tangazo linasema wazi kwamba podo linageuzwa.

Hatua ya 6: La kung'oka au la kudumu?

Podo la kung'oka lina kibano unachokifungua, unalitoa na kulitundika pembeni. Ukiwinda kwa kukaa mafichoni, chukua hilo, kwa sababu upinde mtupu ni mwepesi na hauna kitu cha kugonga ukuta. Ukiwinda kwa kutembea, la kudumu lina sehemu chache za kulegea na kupiga kelele.

Mimi nina la kung'oka, na natumia kama la kudumu karibu siku zote. Nalitoa napopanda daladala.

Kibano kipimwe kwa mambo mawili tu: kifunguke kwa mkono mmoja bila kutazama, na kifungwapo kusiwe na mchezo hata kidogo. Shika kofia uitikise. Ikisema "tiki", rudisha.

Hatua ya 7: Agiza, lakini tuma ujumbe kwanza

Wengi wetu tunaagiza kupitia ndugu aliye nje au wakala wa Dar. Usimtumie picha na neno "kama hili". Mimi nilimwandikia shemeji yangu hivi:

"Shemeji, salaam. Naomba podo la kufunga kwenye upinde. Mshale wangu kwa nje ni milimita 7. Kutoka ncha ya kigumba hadi manyoya sentimita 62. Kigumba upana milimita 28, hakikunjuki. Mishale mitano, meno mawili, kofia iliyoziba pande zote, sponji ya kubadilisha. Lifungwe kwa skrubu za 10-24. Na uniongezee skrubu nne na sponji moja ya akiba. Rangi yoyote, hata ya zambarau."

Lilikuja jeusi. Bei sikuzungumzia kwa sababu hubadilika, ila skrubu na sponji za akiba zikija pamoja na podo huzisikii kwenye nauli, zikiagizwa peke yake zinauma.

Hatua ya 8: Lifunge, lisikilize, lipime

Likishakaa kwenye upinde, fanya mambo kwa mpangilio huu.

Kwanza nafasi. Lisogeze karibu na mwili wa upinde kadiri linavyokubali. Kila sentimita linayojitenga inaongeza mvuto wa kuupindisha upinde upande huo. Vuta upote taratibu, mshale ukiwa umewekwa na shabaha ikiwa mbele yako, mwenzio atazame: manyoya ya mishale iliyo podoni yasikaribie upote, nyaya wala kapi. Usiachie kamwe upote bila mshale. Upinde wa kapi ukifyatuliwa mtupu unaweza kupasuka mikono.

Pili, ulalo. Vilengeo vingi vina pimamaji dogo lenye kipovu. Nyoosha upinde podo likiwa limejaa, fumba macho, tulia, fumbua. Kipovu kikikimbia kila mara upande mmoja, uzito umekushinda. Ongeza fimbo ya kusawazisha upande wa pili, au punguza mishale.

Tatu, sauti. Simama hatua kumi kutoka kwenye shabaha, piga mshale podo likiwa limejaa, kisha likiwa na mishale miwili. Sauti njema ni moja, fupi, kama kufunga kitabu. Ukisikia mkia wa "trrr" baada yake, kuna kitu kinacheza. Gonga kwa kifundo cha kidole, kofia, mkono, meno, mshale mmoja mmoja, mpaka umpate msemaji. Mara nyingi ni kofia inapokutana na mkono wake, na kipande chembamba cha mpira wa baiskeli kinamnyamazisha.

Nne, shabaha. Kutoka mita 20 piga mishale mitatu podo likiwa limejaa, mitatu likiwa na mmoja, mitatu likiwa limetolewa. Weka alama za rangi tofauti. Mafungu matatu yakikaa pamoja, una bahati na mkono mzuri. Yakitengana, chagua hali moja utakayowinda nayo, rekebisha kilengeo kwa hali hiyo, na usibadilishe tena. Ukilenga bila podo mazoezini halafu ukaenda nalo porini, umejifunza upinde wa mtu mwingine.

Tano, upepo. Msimu wa kusi, podo lililojaa manyoya linashika upepo kama tanga. Huna haja ya kupiga mshale kulijua hilo. Nenda Raskazoni jioni, usichukue mshale hata mmoja wenye kigumba, nyoosha tu mkono na upinde ubavu ukiwa upande wa baharini. Utahisi unavyosukumwa. Mwenye podo la mishale minane huwa anacheka mwenyewe hapo.

Hatua ya 9: Chumvi

Ukirudi, futa podo na skrubu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, kausha, kisha paka mafuta mepesi kidogo sana kwenye skrubu na kibano. Sponji na meno usiyapake mafuta, yatateleza. Usiliache kwenye gari lililofungwa juani. Kila mwezi toa mishale yote, ligeuze kofia juu ya gazeti, uligonge. Ukiona unga, sponji inakuaga.

Yule wa tundu lililoliwa amepata fundi mashine, na skrubu zake za 10-24 ziko njiani. Yule wa kofia fupi amebadilisha vigumba badala ya podo, nami sikumkataza. Lile la kwanza, lenye meno ya kumeza mishale minene kuliko ya mwenyewe, kaniachia nililipe kwa kazi ya kiti cha pikipiki. Nimelipigilia ukutani juu ya cherehani. Limeshika bisibisi tano, na hakuna hata moja iliyowahi kudondoka.